Mashini ya Theluji Iliyochaguliwa Katoyi

"Sakwe sakwe," alisema mama Béata kwenye simu.

"Soma," akajibu binti yake Lucie kutoka Kanada. Kwa watu wa nyumba ile, hata uwe ng'ambo ya bahari ngapi, ukitupiwa sakwe sakwe lazima uitike soma, ndipo kitendawili kitoke.

"Ngozi nyeupe imetandikwa kila mahali, na hakuna ng'ombe aliyechinjwa."

"Theluji, mama. Hicho umekitunga leo."

"Nimekitunga asubuhi nikichambua maharage. Haya, niambie, hiyo ngozi inashuka lini?"

"Mwezi ujao. Njo maana nimekuita. Na papa iko karibu?"

Papa alikuwa karibu. Muzee Ferdinand alikuwa ameketi kwenye benchi lake ukutani, fimbo katikati ya magoti, akijifanya hasikilizi.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Lucie na mume wake Olivier walikuwa wamenunua nyumba nje kidogo ya mji, nyumba nzuri yenye paa la mteremko, lakini imekaa mbali na barabara kama mtu aliyenuna. Kutoka mlangoni hadi barabarani kuna njia ya gari, na wakati wa baridi theluji inaifukia yote. Mwaka uliopita Olivier aliisafisha kwa koleo. Siku ya tatu mgongo ukamkamata, akalala sakafuni wiki nzima akihesabu mbao za dari, na gari likabaki limefungiwa kama mbuzi. Wakati ule walicheka. Mwaka huu Lucie alikuwa na mimba, na daktari alisema mtoto atafika katikati ya Januari, mwezi ambao theluji ya kule haibishi hodi. Hospitali iko mbali. Njia ikifungwa siku hiyo, mtoto atazaliwa jikoni.

Kwa hiyo walitaka kununua mashini ya kusafisha theluji. Kule wanaiita sufulezi: unaisukuma, inaila theluji kwa mbele, inaitema pembeni. Na kwa kuwa katika nyumba ya muzee Ferdinand kitu kikubwa hakinunuliwi kabla wazazi hawajakiona, Lucie akatuma picha mbili. Ya kwanza ilikuwa mashini ndogo ya umeme, ya kijani, nyepesi. Ya pili ilikuwa kubwa, nyekundu, ya petroli, ina magurudumu kama ya pikipiki.

"Na njia yenyewe iko na urefu gani?" Béata akauliza.

"Metre sinkante, mama. Hamsini."

Shule Béata aliisoma ya msingi tu, lakini huko alifunzwa jambo moja ambalo halijamtoka: urefu usioutembea huujui. Akachukua kamba ya kuanikia nguo, aliyojua ni mita kumi kwa sababu ndivyo alivyoinunua, akatoka nayo hadi mlangoni pake. Ferdinand akashika ncha moja. Wakapima mara tano kwenye lile avenyu lao la Katoyi, mtaa wa Goma, juu ya mawe meusi ya volkano, wakipita ukuta wa kanisa dogo na kibanda cha mkaa. Kamba ya tano ikaishia kwenye robine ya maji, mbele ya Marcelline, mama anayeuza maji pale.

"Mama Lucie, munagawanya parcelle ya nyumba?" Marcelline akauliza.

"Tunapima njia ya Lucie ya Kanada."

Marcelline akaangalia kamba, akaangalia nyumba ya Béata kule mwisho. "Na yote hii inajaa theluji?"

"Mpaka kiunoni."

"Basi mutoto arudi tu nyumbani. Hapa tuko na vumbi, lakini vumbi inakuacha utoke."

Béata akaweka jiwe pale robine kuwa alama, akahesabu hatua wakati wa kurudi. Zilikuwa themanini na mbili. Tangu siku hiyo kila alipokwenda kuteka maji alijikuta anazihesabu.

Shauri lilikatwa kesho yake mbele ya nyumba. Aliitwa pia Kakule, fundi wa jirani, mtu wa kabila la Banande asiye na haraka, anayetengeneza grupu, yaani jenereta za umeme, na mashini za kusaga mihogo. Simu ikazunguka mkono kwa mkono.

Kakule alipanua picha kwa vidole viwili, akavuta pumzi. "Hii ndogo iko na mudomo moja. Inachukua na inatupa kwa kazi ile ile moja. Ile kubwa iko na mbili: huku mbele parafujo ya meno inavunja, huku nyuma feni inarusha. Ni kama kwa moulin: mutu wa kusaga na mutu wa kupepeta. Mimi natwaa kubwa."

"Inakula nini?" akauliza Ferdinand.

"Petroli."

"Nyingi?"

"Kama jamaa yako mugeni."

Ferdinand alikuwa amechunga ng'ombe huko Masisi miaka arobaini kabla ya kushuka Goma, na kila kitu alikipima kwa ng'ombe. "Miguu yake iko muzuri," alisema juu ya ile nyekundu. "Kifua kipana. Lakini ng'ombe wa hivi unampa mwanaume. Mutoto iko na mimba."

"Mwisho wa maneno," akasema Béata. "Theluji inatoka juu, inashuka polepole, iko nyepesi. Mimi nimefagia majivu ya mulima huu mara ngapi? Mara ile mulima ulitema, juu ya paa, kwenye mahindi, ndani ya sufuria. Nilitumia nini? Fagio. Majivu hayashindani na fagio. Lucie atatwaa ile kijani, inawaka kwa kidole, haitoi moshi, haitamuvuta mikono."

"Mama Lucie, mimi sijaona theluji," Kakule akasema, "lakini nimeona mashini ndogo zikifa."

"Na mimi nimeona mafundi wakipenda kubwa ili zikiharibika wapate kazi."

Kakule alicheka, akakubali kushindwa. Lucie akanunua ya kijani.

Theluji ya kwanza ilianguka mwanzoni mwa Novemba, laini kama unga wa mihogo. Olivier aliiwasha mashini ndogo, ikaila vizuri, ikatema upinde mweupe juu ya majani makavu, na Lucie akatuma video. Béata alimwonyesha Marcelline pale robine. Akawaonyesha watu wa kanisa. Alipomwonyesha Kakule aliirudisha video mwanzo mara mbili ili asikose kitu.

"Sakwe sakwe," akamwambia.

"Soma, mama Lucie."

"Fundi aliyenyamaza."

"Huyo ni mimi," akasema Kakule, akaendelea kufungua bolti.

Furaha ile ilidumu siku tisa.

Siku ya kumi Lucie alipiga simu, na uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia au kwa mimba, mama yake hakujua ni kipi. Ilikuwa imeanguka theluji nyingi usiku. Ile ya njiani mashini iliila kwa taabu, lakini iliila. Shida ilikuwa mwisho wa njia. Kule serikali ina gari kubwa la kusafisha barabara, na gari hilo likipita linasukuma theluji ya barabara yote pembeni, na pembeni maana yake ni mdomoni mwa njia ya Lucie. Theluji hiyo imekanyagwa, imechanganyika na maji na chumvi, na baada ya saa moja inaganda. Mashini ya kijani iliugusa ukuta ule, ikakohoa, ikazima. Olivier alitaka kuchukua koleo, na mgongo ukamkumbusha.

"Ukuta huo uko namna gani?" Béata akauliza.

Lucie akafikiri. "Mama, ni kama lava. Inakuja laini, halafu inakuwa jiwe."

Béata aliangalia uani kwake. Ukuta wa uwanja wake ulikuwa wa mawe ya lava, na msingi wa nyumba vilevile, na hata jiko lake lilikaa juu ya lava. Majivu alikuwa ameyafagia kweli. Lava hakuna mwanamke wa Goma aliyewahi kuifagia. Lava wanaipiga nyundo, au wanajenga juu yake wakaendelea na maisha.

"Nimekosa," akasema. "Niliona majivu, sikuuliza lava."

"Si kosa lako, mama. Hata mwenye duka alisema inatosha."

Hapo Ferdinand akainuka kwenye benchi, jambo ambalo halikutokea mara nyingi. "Lete simu. Lucie, sisi wazazi wako tumechagua ng'ombe kama watu wa mujini. Masisi, mutu anayetaka kununua ng'ombe anaanza kwa nani?"

"Kwa jirani wa muuzaji, papa."

"Kwa sababu gani?"

"Muuzaji anakuambia maziwa, jirani anakuambia mateke."

"Na wewe uliuliza jirani gani?"

Lucie akasema kwamba kule watu hawabishiani hodi hivi hivi. Mbele ya njia yao, ng'ambo ya barabara, alikaa mama mzee mmoja jina lake Huguette, mjane, mwenye njia ndefu kuliko yao. Kwa miaka miwili walikuwa wanapungiana mikono tu, kila mtu ndani ya gari lake.

"Yeye njia yake inasafishwa na nani?" Béata akauliza.

"Yeye mwenyewe. Na mashini yake."

"Mutoto wangu. Uko na jirani mzee anayevunja lava kila siku mbele ya macho yako, na wewe unauliza watu wa Katoyi?" Béata alishusha sauti. "Unajua mimi nilikuzaa namna gani? Kule mulimani gari haifiki. Walinibeba kwenye ingobyi, kile kitanda cha mabegani, nyumba moja inatoa watu wawili, wakichoka nyumba ingine inapokea, mpaka dispensaire. Mvua ilikuwa inanyesha. Wewe ulifika duniani mabegani mwa majirani. Fanya mandazi, uende. Mikono mitupu usiende."

Lucie alikwenda, moyo ukimpiga kama anayekwenda kupeleka posa. Jibu lilifika baada ya saa tatu, na lilikuwa refu hata Béata akalazimika kuketi ili alisikilize lote.

Mama Huguette alikula mandazi manne akiwa amesimama, halafu akauliza kile kitu cha kijani walikipata wapi. Alipoambiwa ni dukani, akasema hicho ni cha kufagia balkoni. Kisha akavaa kofia yake ya masikio, akampeleka Lucie garajini na kumwonyesha ng'ombe wake: nyekundu, ya petroli, midomo miwili, umri wa miaka kumi na minane. Akamfundisha. Usiangalie nguvu ya injini peke yake, angalia upana wa mdomo: kwa njia ndefu usishuke chini ya sentimita sabini, la sivyo utakwenda na kurudi mpaka jua lizame. Chukua inayotembea yenyewe, mtu anaifuata tu, mgongo haufanyi kazi. Chukua yenye kitufe cha kuwashia, kwa sababu kwenye baridi ile kamba ya kuvuta ni ya vijana. Mishikio iwe ya kupata joto. Na kile cha kijani wakirudishe, maana duka linapokea vitu ndani ya siku thelathini na bado hazijaisha.

"Mishikio inapata joto?" Ferdinand akauliza. "Ng'ombe anayekupasha mikono?"

"Njo vile, papa."

"Huyo ningemuchunga hata sasa."

Halafu, kwa kuwa Ferdinand aliwahi kumwambia binti yake kwamba mnunuzi wa kweli anaomba kumkamua ng'ombe kwanza, Lucie aliomba Olivier aijaribu ile ya Huguette. Olivier aliipeleka kwenye ukuta ule mgumu. Ikaung'ata, ikauvunja, ikaurusha juu ya ua. Olivier alirudi akitabasamu kama mtu aliyetoka kubatizwa.

Simu ilipofika kwa Kakule, yeye alikuwa na swali moja tu. "Ile parafujo ikikutana na jiwe, inafanya nini?"

Lucie akaenda kuuliza ng'ambo ya barabara, sasa bila mandazi. Akarudi na jibu: kuna misumari midogo imewekwa makusudi iwe dhaifu, parafujo ikigonga kitu kigumu msumari unakatika, injini inapona.

Kakule aliacha spana. "Musumari unaokubali kufa ili mashini iishi," alisema, kwa heshima. "Aliyefikiria hivyo ni fundi. Lucie, nunua sita za akiba. Weka mufukoni mwa koti ya Olivier, si kwenye kabati. Mufukoni."

"Sita, papa Kakule?"

"Sita. Na umwambie ajifunze kubadilisha akiwa na mwanga."

Béata alimgeukia Kakule. "Fundi aliyenyamaza," akasema.

"Sasa hivi amesema," akajibu Kakule.

Wakarudisha kijani, wakanunua nyekundu. Mambo yakatulia, Noeli ikapita, Mwaka Mpya ukapita, tumbo la Lucie likawa la kumtangulia mlangoni. Kila siku Béata aliuliza hali ya mtoto, na Ferdinand nyuma yake aliuliza kama mashini imelala ndani.

Januari tarehe kumi na moja, siku chache kabla ya hesabu ya daktari, simu ililia saa saba mchana, wakati Béata anageuza ugali. Kule kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Lucie alikuwa ameketi karibu na dirisha, koti begani, begi la hospitali miguuni.

"Mama, imeanza."

"Maumivu yako karibu karibu?"

"Kila dakika kumi. Mama, angalia." Akageuza simu.

Nje, chini ya taa ya mlangoni, giza likiwa halijaondoka, hapakuwa na njia. Palikuwa na weupe tu kutoka mlangoni hadi mwisho wa macho, gari likiwa kivimbe kama kaburi jipya. Ilikuwa imeanguka usiku kucha, kufika mapajani. Mbele ya gari Olivier alikuwa ameinama juu ya mashini nyekundu. Ikanguruma. Ikaanza kula.

Béata aliuepua ugali, akatoka na simu mkononi. Hakujua miguu yake imeamua nini mpaka alipofika mlangoni kwake na kukuta yuko pale ilipoanzia kamba. Olivier alisogea hatua moja. Béata akasogea moja.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninamusindikiza. Uniambie akisogea."

Basi wakaenda hivyo. Ferdinand alimfuata na fimbo. Wapita njia wakauliza, wakaambiwa, wakajiunga, na wengine wakajiunga bila kuuliza. Hatua kumi. Hatua ishirini, ukuta wa kanisa. Lucie alisimulia, akanyamaza maumivu yalipokuja, akahema, akasimulia tena. Kakule alitoka gerejini kwake mikono myeusi kwa mafuta, akatembea ubavuni mwa Béata akisikiliza mngurumo kwenye simu, kichwa amekiinamisha kama daktari.

Hatua ya thelathini na tano mngurumo ulibadilika. Ukawa mwepesi, wa bure.

"Musumari," akasema Kakule papo hapo.

"Olivier amesimama," Lucie akasema. "Mama, imesimama."

Watu wote wa avenyu wakasimama mbele ya kibanda cha mkaa. Mama mmoja aliyebeba bido ya maji kichwani akasimama nayo hivyo hivyo.

"Mufukoni," Kakule aliambia simu. "Aguse mufukoni."

Lucie akafungua dirisha, akapiga kelele kwa mumewe. Olivier akavua glavu kwa meno, akapiga magoti kwenye theluji. Dakika moja. Mbili. Maumivu yakaja tena, na safari hii yalikuja kabla ya dakika kumi kutimia. Béata aliyahesabu kwa pumzi ya binti yake. Kisha mngurumo ukashuka, ukawa mzito, ukala.

"Twende," akasema Ferdinand, na msafara ukaondoka.

Lakini hatua ya hamsini na kitu, Lucie akasema neno lililomfanya Béata akaze simu. Gari la serikali lilikuwa limepita alfajiri. Mdomo wa njia ulikuwa umefungwa, kwa ukuta mnene kuliko ule wa Novemba. "Hapo atachukua nusu saa, mama. Mimi sijui kama niko na nusu saa."

Béata alitazama mbele, robine ilikuwa hatua thelathini tu, na zilionekana nyingi kuliko mlima.

"Ngoja," Lucie akasema. "Kuko mwanga."

"Mwanga wa nini?"

"Kwa upande wa barabara. Nyuma ya ukuta. Mama, theluji inaruka juu na Olivier hajafika pale." Akacheka, akalia, vyote kwa pamoja. "Ni mama Huguette. Iko anakula kwa upande wake."

Béata hakumwona Huguette; aliona vumbi jeupe tu likiruka juu ya ukuta kutoka ng'ambo, na nyuma yake mngurumo wa pili. Ng'ombe mmoja alikula kutoka nyumbani, mwingine kutoka barabarani. Nyumba moja inatoa watu, nyumba ingine inapokea. Hatua sitini. Sabini. Sabini na nane. Ukuta ulipofumuka katikati ilionekana kofia ya masikio, na mkono mmoja uliovaa glavu ukipunga kwa haraka, kama unaofukuza kuku: piteni, piteni.

Gari likatoka. Lucie akasema, "Tumetoka, mama," na simu ikakatika.

Béata alikuwa ameweka mguu juu ya jiwe lake la alama. Mbele yake Marcelline alikuwa ameketi kwenye robine, akimtazama yeye na watu ishirini nyuma yake.

"Mama Lucie, mumekuja wote hivi na hakuna hata bido moja?"

"Leo sikuja kuteka," akasema Béata. "Nilikuwa natoa gari."

Akaketi juu ya jiwe, na Marcelline akamjazia kikombe cha maji bila kumdai pesa.

Habari ilifika jioni, kabla giza halijashika. Msichana, kilo tatu na kidogo, mama yuko salama, Olivier amelala kwenye kiti. Jina la kwanza aliitwa Mahoro, yaani amani. La pili, Huguette. Watu walijaa mbele ya nyumba, na Kakule alikuwa wa kwanza kumpa Béata mkono na kumwita koko, jina la bibi, jina ambalo hakuwa ameitwa bado.

"Sakwe sakwe," akasema koko Béata, macho yamelowa.

"Soma," wakaitika wote.

"Ng'ombe wangu hana maziwa, hana ndama, na leo ameniletea mjukuu."

Hakuna aliyeshindwa kukitegua. Ferdinand peke yake hakutaja jibu. Alingoja kelele zitulie, akakohoa, akauliza kama kuna mtu aliyekumbuka kumwambia Olivier airudishe ndani ile mashini, kwa sababu nje ni baridi.